Kitatange wa Mapokezi: Kisa cha Tangi la Maji Chumvi Arusha

Kisa hiki nakiandika kwa ajili ya mafundi na wafugaji wa samaki wa mapambo walio mbali na bahari. Mtaa, jina la biashara na kila kinachoweza kumtambulisha mhusika nimeviondoa. Nilichoacha ni samaki, maji, dawa na makosa, yakiwemo yangu.

Mazingira

Tangi lilikuwa kwenye mapokezi ya nyumba ya wageni jijini Arusha, likitazama mlango, kiasi kwamba mgeni alikutana na samaki kabla ya kukutana na karani. Kwa vipimo vya kioo lilikuwa la lita 500. Ukitoa mawe ya matumbawe na mchanga, maji yenyewe yalikuwa kama lita 420. Shikilieni tofauti hiyo ya lita 80, tutaihitaji tukifika kwenye dozi.

Tangi lilikuwa limemaliza miaka miwili bila msiba wa kueleweka. Ndani kulikuwa na samaki watatu, yaani klauni wawili na kangaja mmoja wa buluu, pamoja na kamba wawili wa kusafisha, anemoni moja (mnyama wa baharini anayefanana na ua) na konokono kadhaa. Maji ya bahari yalitoka Tanga kwa madumu ya lita 20, safari ya zaidi ya kilomita 400 juu ya lori la mtu anayefahamiana na mwenye nyumba. Yaliyopungua kwa mvuke yalifidiwa kwa maji ya bomba yaliyolala siku nzima kwenye ndoo ili klorini itoke.

Mtunzaji alikuwa kijana wa bustani. Simdharau hata kidogo. Kila asubuhi alihesabu samaki kabla hajafungua mpira wa kumwagilia maua, na alijua klauni yupi ni mchoyo wa chakula. Hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba samaki mpya hukaa pembeni kwanza.

Jambo moja la Arusha liingie hapa mapema, maana bila hilo kisa hakieleweki. Mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni takriban asilimia 85 ya ile ya pwani. Maji ya chumvi ya nyuzi 26 yaliyoshiba hewa pwani hubeba kama miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita. Maji yaleyale Arusha hayafiki 6. Samaki wa bahari hapa anaishi na akiba ndogo hata siku ambayo kila kitu kiko sawa.

Mambo yalivyotokea

Siku ya 1 aliletwa kitatange mdogo, yule wa buluu iliyokolea mwenye duara nyeupe mwilini, kwenye mfuko wa plastiki uliojazwa oksijeni. Mfuko ulielea dakika ishirini kusawazisha joto, samaki akaachiwa. Akala siku ya pili. Wote wakafurahi.

Siku ya 12 akaanza kujikuna. Kijana alinieleza baadaye: "Alikuwa anajirusha ubavuubavu kwenye jiwe, kama mbuzi anayejisugua kwenye mti." Siku mbili mbele jicho moja likaingia ukungu na kwenye mapezi kukaonekana weupe. Kijana akapiga picha kwa simu, akaituma kwa watu anaowafahamu, akajibiwa kwamba hiyo ni madoa meupe na dawa yake ni shaba.

Hilo la shaba si uzushi. Shaba ni dawa ya kweli ya madoa meupe ya samaki wa bahari, ugonjwa wa kimelea *Cryptocaryon irritans*, na pia ya ugonjwa wa velveti unaoletwa na *Amyloodinium ocellatum*. Ila dirisha lake ni jembamba mno: miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita kwa shaba ya kawaida, ipimwe kila siku, na isiingie kabisa kwenye tangi lenye kamba, konokono au anemoni.

Arusha haina shida ya shaba. Huku kwenye kahawa, mrututu (salfeti ya shaba) na dawa zake za jamii moja zimepigwa dhidi ya magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani tangu enzi za babu zetu. Kijana akapata mrututu kwa jirani, akatia nusu kijiko cha chai siku ya 15 jioni.

Fanyeni hesabu nami. Nusu kijiko cha chai ni kama gramu 3 za mrututu. Robo ya uzito huo ndiyo shaba yenyewe, yaani miligramu 750. Gawanya kwa lita 420, unapata karibu 1.8 kwa lita. Ni mara tisa ya kiwango cha juu cha dawa.

Asubuhi kamba wote wawili walikuwa wamelala chali. Anemoni ilikuwa imelegea kama kitambaa kilicholowa, na kangaja alikuwa amekufa nyuma ya pampu. Kitatange alikuwa hai. Nilipigiwa simu siku iliyofuata, ya 17.

Ziara ya kwanza, na pale nilipokosea

"Shikamoo fundi," kijana alinipokea mlangoni, macho chini.

"Marahaba. Mrututu umebaki? Niletee niuone."

Sikutaka aanze kujitetea. Mtu akiogopa kulaumiwa huficha tarehe, na kwenye ugonjwa wa samaki tarehe ni nusu ya jibu.

Nilisimama mbele ya tangi dakika kumi bila kugusa kitu, nikihesabu pumzi kwa saa ya mkononi: kila mara vifuniko vya mashavu vinapofunguka ni pumzi moja. Klauni walikuwa 95 na 100 kwa dakika. Kitatange alikuwa 140, amejibana chini ya mdomo wa pampu pale maji yanapokwenda kasi. Vipimo vya matone vilionyesha amonia 0.5, naitraiti kidogo, pH 8.2, shaba 0.4. Kwamba shaba ilikuwa 0.4 tu na si 1.8 haikunifariji. Mawe na mchanga wa matumbawe huinyonya, na kilichonyonywa hurudi polepole.

Uamuzi wangu ulikuwa huu: toa mizoga na anemoni iliyoanza kuoza, badilisha maji, weka kaboni mpya (makaa ya kuchujia) kwenye kichujio ivute shaba, ongeza jiwe la hewa. Stoo kulikuwa na madumu sita ya maji ya bahari, lita 120. Hiyo ni chini ya theluthi, lakini ndiyo iliyokuwepo. Tuliagiza mengine Tanga.

Mwenye nyumba alikuja na nadharia yake. Yeye alishikilia kwamba ni floridi. Maji ya kuzunguka Meru yana floridi nyingi, na sisi tuliokulia huku tuna meno ya kahawia ya kutoa ushahidi. Sikumcheka, kwa sababu maji ya kujazia yanapogeuka mvuke floridi hubaki na hurundikana. Lakini maji hayohayo yalitumika miaka miwili na klauni walikuwa wanang'aa. Ugonjwa ulianza kwa samaki mmoja, aliyefika siku 11 kabla. Sumu iliyo kwenye maji haichagui mgeni.

Sentensi hiyo ya mwisho niliisema mimi, kwa sauti, mbele ya watu, kisha sikuisikiliza. Siku ya 18 amonia ilishuka, klauni wakarudi pumzi 80, kitatange akashuka hadi 115. Nikaandika kwenye daftari: "sumu ya shaba na amonia, anapona." Nilikuwa nimeona sababu moja kubwa, ya kweli, yenye ushahidi mezani, nikaacha kutafuta nyingine. Na hali kujikuna kulianza siku tatu kabla ya mrututu.

Ziara ya pili: ndoo nyeupe

Siku ya 20 kijana alipiga simu. Klauni wako salama, kitatange amerudi kupumua mbio, jicho la pili nalo limeingia ukungu, hajala tangu jana. Nilimwomba ile picha ya siku ya 14. Nilipoikuza kwenye simu sikuona punje. Madoa meupe halisi huonekana kama chumvi iliyonyunyizwa, kila punje imeinuka peke yake. Hapa palikuwa na ute uliotanda kama maziwa yaliyopakwa juu ya pezi, na ndani ya ute huo zimenasa chembe za mchanga.

Nikazipanga dalili upya nikiwa kwenye bodaboda. Velveti ingekuwa imeshamuua, na pengine na klauni pia, kwa sababu ile huenda kwa siku chache. Ugonjwa wa *Brooklynella* hupenda klauni kwanza, na hawa walikuwa wazima. Samaki anayejikuna zaidi ya wiki, macho yote mawili yana ukungu, pumzi juu, na mwilini huoni kitu: hiyo ni picha ya minyoo bapa, jamii ya *Neobenedenia*. Huwaoni kwa sababu ndani ya maji ya chumvi miili yao ni kama kioo.

Kuna njia ya kuwafanya waonekane, na inahitaji ndoo. Ichague nyeupe ndani. Tulijaza lita 8 za maji ya bomba yaliyolala, tukayapasha hadi nyuzi 26, tukatia soda ya kuokea kidogokidogo mpaka pH ikafika 8.2, jiwe la hewa likichemka ndani. Soda ya kuokea, jamani, si magadi ya kulainishia makande. Magadi yatapandisha pH hadi samaki aungue.

Kitatange alipoingia alijilaza ubavu chini ya ndoo.

"Fundi, anakufa!"

"Subiri. Angalia jicho, usiangalie samaki."

Mabadiliko ya ghafla ya chumvi humshtua samaki, na wengi hulala hivyo nusu dakika kisha hujirekebisha. Wa kumtoa ni yule anayepoteza pumzi au kugeuka tumbo juu bila kujitutumua. Huyu aliendelea kupumua. Ilipotimia dakika ya pili, juu ya mboni ya jicho la kushoto, mahali palipokuwa patupu, kukatokea doa. Lilianza kijivu, likawa jeupe kabisa, umbo la yai lililobapazwa, ukubwa wa punje ya ufuta. Kisha likabanduka, likashuka likiyumba hadi chini. Jingine likafuata kutoka ubavuni. Maji matamu huingia kwenye mwili wa mnyoo, unavimba, unageuka rangi, unaachia. Dakika ya tano nilipomrudisha samaki, chini ya ndoo palikuwa kama mtu amemwaga ufuta wa kashata. Nilihesabu 43 nikaacha.

Kijana alichukua mmoja kwenye kiganja. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Kwa hiyo mrututu ulikuwa wa bure." Ndiyo. Shaba haiwasumbui hawa.

Klauni nao walipitishwa kwenye ndoo. Mmoja aliangusha minyoo sita, mwingine miwili. Hapo ikawa wazi kwamba tangi lote lina maambukizi.

Dawa, na usiku wa kiza

Dawa ya minyoo bapa ni prazikwanteli. Ndiyo ileile wanayopewa watoto shuleni kwa ajili ya kichocho, kidonge cha miligramu 600. Kwa samaki kipimo ni miligramu 2.5 kwa lita: lita 420 zinataka miligramu 1,050, kidonge kimoja na robo tatu. Anayepiga hesabu kwa lita 500 za kwenye kioo atazidisha. Kwa dawa hii si janga kubwa, ila kwa shaba inaweza kuwa kifo, kwa hiyo tabia ni ileile.

Tulikuwa na mgongano. Kaboni ilikuwa bado inavuta shaba, na kaboni huvuta prazikwanteli pia. Niliamua kusubiri. Madumu ya Tanga yalifika siku ya 21, tukabadilisha maji mara mbili, na siku ya 22 kipimo cha shaba hakikuonyesha kitu. Kuogesha kitatange kulikuwa kumempa nafasi ya kungoja siku hizo mbili. Sijutii uamuzi huo.

Ninachojutia ni usiku wake. Kidonge hakiyeyuki vizuri kwenye maji, hivyo nilikisaga kwenye kinu, nikakilowesha kwa pombe kali kidogo, nikakimimina. Nikatoa kaboni, nikazima skima, mashine inayotoa uchafu kwa povu, kwa sababu dawa hii huifanya itoe povu hadi sakafuni. Nilibakiza pampu ya maji na jiwe la hewa, vyote vya umeme.

Saa nane usiku umeme ukakatika. Ulirudi saa kumi na mbili kasoro. Asubuhi maji yalikuwa na ukungu mweupe kama ya kuoshea mchele, na klauni mmoja, yule mchoyo wa chakula, alikuwa amekufa juu ya mchanga, mdomo wazi na matamvua yametanuka. Kitatange na klauni aliyebaki walikuwa juu kabisa, midomo ikigusa uso wa maji.

Ule ukungu ni bakteria waliopata karamu. Pombe ni chakula chao, vijazio vya kidonge pia, na wakati wanakula wanatumia oksijeni. Skima, ambayo kazi yake nyingine ni kuingiza hewa, nilikuwa nimeizima mwenyewe. Pwani pengine wote wangepona. Kwetu huku akiba ilikuwa ndogo tangu mwanzo.

Tulipuliza hewa, tukabadilisha lita 80, maji yakatakata kesho yake.

Raundi ya pili na matokeo

Prazikwanteli huua mnyoo, haiui yai. Mayai ya *Neobenedenia* yana nyuzi ndefu zinazojisokota kwenye mawe na nyavu, na kwa joto la tangi huanguliwa ndani ya wiki hivi. Raundi ya pili tuliiweka siku ya saba baada ya ya kwanza, ya tatu siku ya saba tena. Safari hizi sikutumia pombe: nilikoroga unga na maji ya tangi kwenye chupa, nikatikisa dakika kumi, nikamimina mbele ya pampu. Dawa iliingia saa mbili asubuhi ili mchana kutwa kuwe na mtu wa kutazama, na tulinunua pampu ya hewa ya betri inayojiwasha umeme ukikatika. Umeme ulikatika kwenye raundi ya tatu. Kijana alinitumia picha: kiza, kimwanga cha betri, viputo vinapanda.

Siku ya 45 tulimwogesha kitatange tena kwenye ndoo nyeupe. Dakika tano, hakuna punje hata moja. Jicho la kulia lilikuwa safi, la kushoto lilibaki na kovu dogo ukilitazama kwa pembeni. Pumzi 70.

Waliokufa kwa jumla: kangaja, klauni mmoja, kamba wawili, anemoni, pamoja na konokono.

Nikiitazama kesi sasa

Swali la kwanza mbele ya samaki anayehema ni dogo: ni wote au ni mmoja? Wote wakihema, shika maji kwanza, yaani amonia, oksijeni, sumu. Akihema mmoja, mtazame mwili wake. Kesi hii ilinidanganya kwa sababu majibu yote mawili yalikuwa sahihi kwa wakati mmoja. Wote walikuwa wanahema, na mmoja alihema kuliko wote. Tofauti ya 140 na 95 niliiandika kwa mkono wangu siku ya 17 na sikuiuliza inatoka wapi. Siku hizi kwenye daftari langu kuna safu mbili: dalili zilizoanza kabla ya dawa yoyote, na zilizoanza baada. Safu ya kwanza haifutwi kwa maelezo ya safu ya pili.

Kuogesha kwenye maji matamu siku ya 17 kungetuokoa siku tatu. Niliacha kwa kuogopa kumwongezea mshtuko samaki aliyelishwa shaba, na hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Lakini ningeweza kukwangua ute kidogo ubavuni na kuutazama kwa hadubini, jambo la dakika mbili. Hadubini ya kuazima ilikuwepo mjini. Sikuiomba.

Kangaja angetusaidia pia. Kijana, kwa nia njema, alimfunga kwenye mfuko akamtia kwenye friza nimkute. Friza huvunjavunja vimelea, na vingi huacha mzoga ndani ya saa chache hata bila friza. Samaki aliyekufa awekwe kwenye mfuko wenye maji kidogo ya tangi, juu ya barafu bila kugandishwa, na mtu apigiwe simu saa hiyohiyo, si kesho.

Kuhusu kijana na mrututu: watu wengi waliposikia kisa walimgeuza yeye kuwa chanzo. Mimi naona alifanya alichofanya mkulima yeyote makini, aliona dalili, akauliza, akatumia dawa iliyo karibu. Alikosa mizani ya gramu na mtu wa kumwambia kwamba kamba hawavumilii shaba. Kosa la kwanza kabisa lilikuwa siku ya 1, mfuko ulipofunguliwa, na hapo palikuwa na watu wazima watano wakipiga picha.

Sasa kuna beseni la lita 60 kwenye chumba cha kufulia, lina kichujio cha sponji, kipasha joto na bomba la plastiki la kujifichia. Samaki mpya hukaa humo wiki nne, na siku ya kwanza hupita kwenye ndoo nyeupe. Julai, usiku Arusha unapokuwa wa baridi, kipasha joto hicho hakipumziki.

Limebaki suala la shaba. Miezi miwili baada ya kipimo kusoma sifuri, mwenye nyumba alitaka kamba wake warudi. Nilimwomba tuanze na konokono mmoja. Alikufa siku ya pili. Tukatoa mchanga wote, ndoo kumi na moja, tukabadilisha kaboni, tukangoja mwezi. Konokono wa pili alimaliza siku tano. Wa tatu yumo tangu Jumatatu iliyopita. Kijana hunitumia picha yake kila asubuhi kabla ya kumwagilia maua, na leo alikuwa amefika katikati ya kioo cha mbele, ameacha njia safi kwenye mwani nyuma yake.